Msimu wa Kumshusha Twiga

Jumapili, 3 Machi

Mwalimu wa fasihi alinizawadia daftari hili kwa insha yangu ya mwaka jana, akaniambia niandike mambo makubwa. Sina mambo makubwa. Nina gari la baba yangu.

Leo tumekwenda kwa Bibi, mama mzazi wa Baba, anayeishi peke yake ng'ambo ya mto. Tulikwenda kumwomba aje akae nasi mjini mpaka mvua zipite. Jirani yake wa pekee, aliyekuwa akimchotea maji na kumletea dawa za presha, amehama. Mvua zikikolea mto hufunga njia kwa majuma, na presha ya Bibi haina likizo. Alikataa. Kwanza, mahindi bado yako shambani. Pili, gari.

"Mimi si gunia la kurushwa juu ya lori," alimwambia Baba. "Lishusheni hilo dude, niingie kama watu. Au siyo, mke mwenza?"

Mke mwenza ni mimi. Nilicheka tu. Mbele ya watu, hata wa kwetu, maneno yangu huishia kooni.

Gari lenyewe ni kuukuu kuliko mimi. Zamani, nikiwa mdogo, Baba aliliinua: aliweka springi ndefu, akaongeza vipande vya chuma chini ya bodi, akalivalisha matairi makubwa. Tangu hapo limesimama tumbo juu, na mtaa mzima unaliita Twiga. Yeye wanamwita Baba Twiga, naye anaitika. Bibi akitaka kupanda lazima awekewe kigoda, mimi nimvute kwa ndani, Mama amsukume kwa nyuma, na Bibi atutukane sote. Mimi simpendi Twiga kwa sababu siwezi kusoma ndani yake. Maneno yanaruka kama panzi.

Mtoni pana jiwe kubwa ambalo Baba alilipiga mstari wa rangi nyeupe. Maji yakiwa chini ya mstari, Twiga anavuka. Magari mengine hukata tamaa maji yakifika nusu ya jiwe. Leo mto ulikuwa kama mfereji, jiwe lote kavu.

Tukirudi, kitu kilianza kugonga nyuma, chini ya kiti changu. Baba alizima redio ili asikilize. Hakuiwasha tena.

Jumatatu, 4 Machi

Shule. Mtihani wa jiografia. Twiga bado anagonga.

Jumanne, 5 Machi

Gereji ya fundi wetu haina kuta, ina nguzo nne na mabati. Fundi aliweka viganja kwenye kona ya gari, akabonyeza, akaachia. Twiga alishuka, akapanda, akashuka, akapanda, kama mtu anayekubali kila anachoambiwa.

"Umeona, Mzee? Gari zima likibonyezwa linapanda mara moja, linatulia. Hili lako linacheza ngoma. Shokapu zimekufa zote nne. Na hizi raba zake, bushi, zimebaki unga."

Nilikuwa sijui shokapu ni nini, na niliona haya kuuliza, lakini fundi alinisoma usoni. Springi ndizo zinazombeba Twiga, alisema. Shokapu ni bomba la chuma lenye mafuta ndani, linajivuta na kujirudisha, kazi yake kumtuliza asirukeruke. Bila hilo tairi linacheza juu ya barabara badala ya kuishika.

"Kwenye ule mteremko wa mtoni usukani utakukataa," alimwambia Baba.

"Basi nitanunua mpya."

Fundi alicheka kwa pua. "Za kimo hiki? Anza kutafuta leo."

Ijumaa, 8 Machi

Baba alinipitia shuleni ili nimsomee namba za spea, kwa sababu maandishi ni madogo na miwani yake ameikalia. Wasichana wa darasani walinipigia kelele getini: "Kamusi, ngazi iko wapi?" Kamusi ni jina langu la shule. Nilipanda Twiga kwa goti moja huku sketi imenikaba, nikatamani ardhi inimeze, lakini ardhi ilikuwa mbali sana huko chini.

Muuza spea anaitwa Orijino, maana kila kitu anachouza ni orijino hata kama kimefungwa kwa gazeti. Alichungulia nje.

"Lile, Mzee? Lile si gari, ni ghorofa."

Vijana waliokaa kwenye benchi walicheka. Nilianza kusoma namba.

"Dada, sema kwa sauti. Hapa dukani, siyo maktaba."

Nilisoma tena, masikio yakiwaka. Alileta maboksi. Baba alizishika zile shokapu moja moja kama anapima watoto kimo, akazirudisha. Fupi zote.

"Hizi ni za gari lilivyozaliwa," alisema Orijino. "Wewe umelirefusha miguu, sasa nikutolee wapi viatu? Nenda kapime urefu unaoutaka, ulete. Nitakutafutia za gari jingine zinazolingana."

Jumamosi, 9 Machi

Mama ni mshonaji. Niliazima utepe wake wa kupimia, nikalala chali chini ya Twiga, nikapima kutoka bolti ya juu hadi bolti ya chini. Nilirudia kila gurudumu, nikamsomea Baba vipimo. Nilifurahi kupita kiasi, sijui kwa nini. Pengine kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa ananisikiliza kwa makini.

"Kusoma kuna faida yake," alimwambia Mama.

"Utepe wangu urudi safi," Mama alijibu. Haukurudi safi.

Jumatano, 13 Machi

Orijino amezipata. Urefu uleule, kama nilivyopima. Za rangi ya bluu.

Jumamosi, 16 Machi

Fundi amezifunga. Baba amebonyeza kona ya gari: likashuka, likapanda, likatulia. Akatabasamu hadi magego yakaonekana. Kesho tunakwenda kwa Bibi.

Jumapili, 17 Machi

Hatukufika. Kabla ya mto kuna mtaro unaokata barabara. Gurudumu la nyuma lilitumbukia, likaning'inia, na hapo chini yangu kitu kikalia kama tawi linalovunjika. Baba alishuka, akachungulia, akabaki amepiga magoti muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona kitu.

Shokapu ilikuwa imefika mwisho wa urefu wake kabla gurudumu halijafika mwisho wa shimo. Kwa kuwa haikuweza kujivuta zaidi, iling'oa kishikio chake cha juu pamoja na kipande cha chasisi. Lori la mchanga lilituvuta hadi mjini. Dereva wake hakuacha kutania njia nzima: twiga amekamatwa, twiga anapelekwa kuchunwa. Baba alicheka naye. Sijawahi kumsikia akicheka vile, kama anakohoa.

Nyumbani Mama aliuliza tulipima vipi. Nikamweleza: gari limesimama chini, kwa magurudumu yake.

"Mteja akija kushona shati namwambia anyooshe mkono," alisema. "Nyie mmepima mkono uliokunjwa."

Ilitakiwa gari linyanyuliwe, magurudumu yaning'inie, ndipo nipime. Hakuna aliyesema kosa ni langu. Afadhali wangesema.

Jumatano, 20 Machi

Tumepima upya, magurudumu yakining'inia. Orijino alipouona urefu huo alipiga mluzi. "Hii hakuna, Mzee."

Jumamosi, 23 Machi

Duka la pili: hakuna. Duka la tatu: hakuna. La nne lilikuwa limefungwa.

Jumapili, 24 Machi

Mvua ya kwanza. Ndogo.

Alhamisi, 28 Machi

Kwenye uwanja wa magari mabovu nyuma ya soko tulizunguka kati ya magari yasiyo na milango, majani yameota kwenye viti. Mwenye uwanja alitupa shokapu mbili ndefu. Baba aliivuta moja: ikatoka kwa ulaini, mafuta yakamtiririka kwenye mkono wa shati. Ya pili haikutoka kabisa, imeshikana kwa kutu.

"Ukizichanganya unapata moja nzima," alisema mwenye uwanja. Hakuna aliyecheka.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 5 Aprili

Simu na Bibi. Simu yake hushika mtandao akisimama kwenye mlango wa jikoni tu, kwa hiyo kila tukizungumza nasikia matone kwenye bati lake. Mahindi amekwisha kuyavuna. Nikamuuliza dawa.

"Ninazo."

"Nyingi?"

"Nameza nusu nusu, zisiishe haraka. Usimwambie baba yako, mke mwenza, ataanza kunihubiria."

Nilimwambia baba yangu. Alikuwa anakunywa chai. Akaiacha.

Alisema angemtuma mtu na dawa. Mtu gani? Mama akataja gari la kukodi, sasa hivi, wakati maji bado hayajafika nusu ya jiwe.

"Mama yangu abebwe na mtu baki?" alisema Baba. "Na mvua zikimkuta ndani ya gari la watu katikati ya mto?"

Jumanne, 9 Aprili

Mpwa wa Orijino, anayefanya kazi bandarini, alisema amezipata na atazituma. Zimefika leo. Mbili ni za upande wa kulia tu na mbili za gari jingine kabisa, tundu la bolti ni jembamba kuliko bolti. Fundi alijaribu kulipanua kwa tupa mpaka jua likazama, kisha akatupa tupa chini.

"Mzee, nikuambie ukweli? Acha kumtafutia mgonjwa viungo ambavyo havijatengenezwa. Mshushe. Nimrudishie springi za kawaida, nitoe haya machuma, na shokapu za kimo cha kawaida Orijino anazo rundo. Siku tatu gari liko barabarani."

"Na maji?"

"Maji bado. Ukiwahi, unavuka kwa gari lolote."

"Hapana," alisema Baba.

Jumamosi, 13 Aprili

Hakuna. Hakuna. "Jaribu mwezi ujao." Hakuna.

Jumapili, 14 Aprili

Nataka kuandika jambo hili kama lilivyokuwa.

Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Twiga amekaa juu ya magogo uani, hana magurudumu ya nyuma, maji yanachuruzika kutoka tumboni mwake. Baba alikuwa amesimama karibu naye bila mwavuli. Nilimpelekea mwavuli. Akaniuliza kama kuna duka ambalo hatujaliuliza, na kitu fulani ndani yangu kikakatika. Mimi ambaye siwezi kumwomba mwalimu ruhusa ya kwenda chooni.

Nilimwambia kwamba Bibi mwenyewe alisema lishushwe. Fundi amesema. Mama alisema tukodi. Bibi anakata vidonge kwa kisu, na sisi tunazunguka mjini kutafuta miguu ya twiga. Nikasema: "Unapenda tu kuwa juu. Unapenda kuitwa Baba Twiga."

Hakunigombeza. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa njia na yeye ni mgeni. Kisha akaushika mwavuli, akaufungua, akaniwekea mimi juu ya kichwa.

"Kamwambie fundi amshushe," alisema.

Nilikimbia hadi gereji. Nilikuwa nimeshinda, lakini sikugeuka kumtazama.

Jumatatu, 15 Aprili

Orijino alileta shokapu za kimo cha kawaida kabla hajamaliza kutusalimia. "Hizi zilikuwa zinakusubiri, Mzee." Fundi ataanza kwa kuchomelea kile kishikio kilichong'oka.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua. Umeme hakuna, fundi hawezi kuchomelea.

Jumamosi, 20 Aprili

Umeme hakuna.

Jumanne, 23 Aprili

Umeme umerudi.

Alhamisi, 25 Aprili

Twiga ameshushwa. Nimeingia kwa kukunja goti kidogo tu, kama mtu anayeketi kwenye kiti. Springi ndefu na vile vipande vya chuma fundi ameviegemeza kwenye ukuta wetu wa nyuma, na mvua imeshaanza kuvipaka kutu. Watoto wa mtaani walisimama wakatazama, mmoja akauliza, "Amekuwa mbuzi?" Baba alicheka kidogo. Anaonekana mfupi. Najua si yeye aliyeshushwa, lakini anaonekana mfupi.

Nilimpigia Bibi mwenyewe.

"Bibi, gari limeshushwa. Jumapili tunakuja kukuchukua."

"Umeliona kwa macho yako?"

"Nimeliketia."

"Mnanidanganya ili nitoke. Ninawajua nyie." Alicheka, akapumzika katikati ya kicheko, akahema. "Haya, nitakuja. Nitawasubiri mtoni asubuhi, msihangaike kupanda kilima na matope haya. Lakini nakuja na kigoda changu. Siwaamini."

Ijumaa, 26 Aprili

Dereva wa lori la mchanga anasema mto bado haujafika nusu ya jiwe. Mama ametandika kitanda changu kwa ajili ya Bibi. Mimi nitalala chini, karibu na cherehani.

Jumamosi, 27 Aprili

Hapa ni mvua ya kawaida. Huko milimani ni giza tupu.

Jumapili, 28 Aprili

Tuliondoka alfajiri. Kwenye ule mtaro gurudumu lilishuka, likapanda, na gari likatulia. Mama alisema, "Alhamdulillahi," kisha akafumba macho. Kila mtu alikuwa na furaha asiyotaka kuionyesha.

Mto tuliusikia kabla ya kuuona.

Bibi alikuwa ameshafika. Ng'ambo, kwenye mwisho wa barabara, ameketi juu ya kigoda chake, amevaa nguo zake za kutokea, begi juu ya mapaja, mwavuli mweusi. Nilipunga mkono. Akapunga.

Maji yalikuwa ya kahawia na yalibeba matawi. Baba aliteremka hadi kwenye jiwe. Mimi nilimfuata. Mstari mweupe ulikuwa bado unaonekana. Kati yake na maji palibaki upana wa kiganja cha mkono.

Chini ya mstari. Twiga anavuka.

Baba alirudi kwenye gari, akasimama ubavuni mwake, akaweka mkono pale mlango ulipokuwa ukiishia zamani. Ule mkono ulikuwa usawa wa kiuno chake. Kisha akaushusha mpaka chini, mlango unapoishia sasa, akauacha hapo. Alivua viatu, akaokota fimbo, akaingia majini. Yalimfika mapajani na kumsogeza upande, akasimama, akasogezwa tena. Fimbo ilimponyoka. Mama alimwita kwa jina lake, lile la utotoni ambalo huwa hamwiti mbele yangu, akarudi.

Ng'ambo, Bibi alisimama. Alilitazama gari. Kisha akakinyanyua kigoda juu ya kichwa kwa mikono miwili, akakitikisa, na hata kwa mbali niliona anacheka: kumbe mlisema kweli. Akakiweka chini. Akanyoosha kidole kwenye jiwe, kwenye mstari, akatupungia tuje. Yeye anaijua ile sheria kama sisi. Mstari ukionekana, mwanawe anavuka. Alinyoosha kidole tena. Njooni.

Nilimpigia simu. Pale mtoni simu yake haishiki. Nilipaza sauti, mimi, kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Bibi, liko chini! Haliwezi!" Mto ulimeza kila neno. Aliweka mkono nyuma ya sikio, akatikisa kichwa, akaketi kusubiri.

Tulisubiri pia. Hakuna mtu aliyesema tunasubiri nini. Mvua iliongezeka. Maji yalianza kuugusa mstari, yakaurudia, yakaufunika upande mmoja.

"Babu yako alifia pale pale," alisema Baba. Alikuwa hanitazami. "Wewe ulikuwa bado unanyonya. Alikuwa amefungwa shuka kifuani, wamemlaza juu ya mlango wa nyumba walioung'oa, wamemshusha hadi mtoni. Mimi nilikuwa hapa. Na gari lilikuwa na kimo hiki hiki."

Nilisogea, nikasimama karibu naye.

Kisha mstari haukuonekana tena. Bibi naye aliliona hilo. Alikaa kidogo, akainuka, akatupungia mkono mara moja, siyo wa kutuita sasa. Akatundika begi begani, akaufunga mwavuli, akaweka kigoda juu ya kichwa, akageuka kupanda kilima. Alikuwa akisimama kila baada ya hatua chache. Mvua ilimficha yeye kwanza, miguu, mgongo, mwavuli. Kigoda kilibaki kwa muda, miguu yake ikiangalia juu, kinapanda polepole peke yake. Halafu nacho kikaisha.

Dawa zake mpya zilikuwa kwenye mkoba wa Mama.

Tulirudi. Gari halikuruka hata mara moja. Ningeweza kusoma njia nzima. Kitabu kilikuwa mapajani mwangu na sikukifungua.

Jumatatu, 29 Aprili

Simu ya Bibi haipatikani.

Jumanne, 30 Aprili

Haipatikani. Dereva wa lori anasema mto umeingia barabarani pande zote mbili.

Jumatano, 1 Mei

Haipatikani. Nilirudi kutoka shuleni nikamkuta Baba uani kwenye mvua. Alikuwa ameweka viganja viwili kwenye kona ya gari. Alibonyeza, akaachia. Lilishuka, likapanda, likatulia. Akabonyeza tena. Likatulia.